Mbuzi wa Ndani na Pumzi ya Jirani: Somo la Afya ya Jamii kwa Mfano wa Nangara, Babati

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza kueleza tofauti kati ya mbuzi wawili wa maziwa nyuma ya nyumba na mamia ya mbuzi chini ya paa moja. Kutaja magonjwa makuu yanayoweza kutoka kwa mbuzi kwenda kwa binadamu na njia yanazopitia. Kutenganisha lalamiko lenye msingi wa kiafya na lile lisilo nao. Na kufahamu hatua ambazo wakazi, mfugaji na kituo cha afya wanapaswa kuzichukua kabla ugomvi haujazaa ugonjwa, au ugonjwa haujazaa ugomvi.

Utangulizi

Nangara ni mojawapo ya kata za mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002. Babati ni mji unaokua huku ungali unafuga na kulima. Kata iliyo ndani ya mji wa namna hii inaishi katika mpaka wa maisha mawili: yale ya shamba yaliyozoea banda karibu na mlango, na yale ya mjini ambamo majirani wanapumua hewa moja kupitia madirisha yanayotazamana.

Kwa ajili ya somo hili, tuchukue mfano wa kufundishia. Tuseme mtu mmoja anakusudia kujenga katika eneo la makazi banda la mbuzi wa maziwa mia tatu, watakaolishwa na kukamuliwa ndani mwaka mzima bila kutoka malishoni. Majirani wanakusanyika kwenye mkutano wa mtaa na kupinga. Mmoja anasema harufu itawafukuza. Mwingine anahofia nzi. Wa tatu, mama mjamzito, anauliza swali ambalo halipati jibu: "Mbuzi hao wakizaa, kondo la nyuma litatupwa wapi?" Mwenye mradi anajibu kuwa yeye ni mzalishaji, analeta ajira na maziwa, na kwamba wapingaji wana wivu tu.

Mkutano kama huo waweza kufanyika katika mji wowote unaokua. Wajibu wa elimu ya tiba si kumshangilia upande huu wala ule, bali kuuliza: ni lipi kati ya maneno hayo linalogusa uhai wa watu? Kama tutakavyoona, swali zito kuliko yote ni lile la mama mjamzito.

Mbuzi wa maziwa si mgeni

Ufugaji wa mbuzi wa maziwa nchini una historia yenye heshima. Katika miaka ya 1980 mbuzi wenye asili ya Norwei walipelekwa kwa wakulima wa Mgeta, mkoani Morogoro, kupitia kazi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Babati nayo ilipata mbuzi wa aina ya Toggenburg, ambao shirika la FARM-Africa lilisaidia kuwaeneza. Makusudio yalikuwa mema na yanaeleweka: kaya isiyo na uwezo wa kununua ng'ombe wa kisasa yaweza kumudu mbuzi, mbuzi hula kidogo, huzaa upesi, na maziwa yake hubaki nyumbani kwa watoto.

Hata kumfunga mbuzi ndani kuna faida. Mbuzi aliye bandani haharibu shamba la jirani wala miche ya miti mlimani. Mtoto aliyekuwa akichunga huenda shule. Samadi hukusanywa kwa ajili ya bustani. Tena katika sehemu hizi za nchi watu wa makabila kadhaa wamekuwa wakilala na mifugo chini ya paa moja kwa vizazi vingi. Kwa hiyo anayedai kwamba "mbuzi ndani ni hatari" bila kueleza zaidi, amesema jambo lisilotosha. Hatari haiko katika neno "ndani". Iko katika idadi, msongamano, wingi wa vizazi kwa wakati mmoja, namna samadi na mabaki ya uzazi yanavyotunzwa, na umbali kutoka kwenye nyumba za watu.

Mambo yanayolalamikiwa

Malalamiko ya majirani wa mabanda makubwa hugawanyika katika makundi matatu.

La kwanza ni kero zinazoonekana: harufu, nzi, kelele na msongamano wa magari ya majani na pumba. Harufu ya banda hutokana kwa sehemu kubwa na amonia inayotoka kwenye mkojo na samadi. Ikiwa nyingi, huwasha macho na koo, na humsumbua zaidi mtu mwenye pumu. Nzi hubeba uchafu kutoka kwenye samadi hadi kwenye chakula, na mtoto mdogo huupata kwa njia ya kuhara.

La pili ni maji. Samadi iliyorundikwa juu ya udongo bila sakafu wala paa husombwa na mvua kuelekea kwenye visima, mitaro na mabonde. Kwa mji ulio kandokando ya Ziwa Babati, jambo hili si dogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na sababu mojawapo ni hii.

La tatu ni lile lisiloonekana wala kunuka: vimelea vya magonjwa. Hapa ndipo wananchi aghalabu hukosa maneno ya kujieleza, na wataalamu aghalabu hukaa kimya. Magonjwa mawili yanatosha kutufundisha.

Bruselosisi: fundisho la Malta

Mwaka 1887, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce aligundua katika kisiwa cha Malta bakteria anayesababisha homa ndefu iliyokuwa ikiwatesa askari. Kwa miaka mingi haikujulikana homa hiyo inatoka wapi. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, aliipima damu ya mbuzi wa kisiwani na kukuta dalili za maambukizo. Mbuzi wale walionekana wazima kabisa. Walikuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, jambo lililochukuliwa kuwa uthibitisho wa usafi wa maziwa. Jeshi lilipoacha maziwa mabichi ya mbuzi mwaka 1906, homa ilipungua mno miongoni mwa askari. Raia walioendelea kuyanywa waliendelea kuugua kwa miongo mingine.

Fundisho ni la aina mbili. Kwanza, mnyama anayeonekana mzima aweza kuwa amebeba ugonjwa. Pili, maarifa yasiyowafikia watu wa kawaida huwaokoa wachache tu. Bruselosisi, ambayo wafugaji wetu huifahamu kama ugonjwa wa kutupa mimba, humpata binadamu kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mabaki ya uzazi bila kinga. Humletea homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu wa muda mrefu. Kinga yake ya nyumbani ni rahisi: maziwa yachemshwe, na mikono isiguse kizazi ikiwa mitupu.

Homa ya Kyu: fundisho la Uholanzi

Ugonjwa wa pili hauhitaji maziwa. Unasafiri kwa upepo.

Homa ya Kyu ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Edward Derrick mwaka 1937, baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa machinjio mjini Brisbane, Australia. Bakteria wake, Coxiella burnetii, hujaa kwa wingi wa kutisha katika kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe walioambukizwa. Mabaki hayo yakikauka, bakteria hudumu katika vumbi kwa muda mrefu, na idadi ndogo sana inayovutwa puani yatosha kumwambukiza mtu. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Wengine hupata homa kali, maumivu makali ya kichwa, nimonia au uvimbe wa ini. Wachache hupata ugonjwa sugu unaoshambulia valvu za moyo na mishipa mikubwa ya damu, na huweza kuua miaka kadhaa baadaye. Walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa valvu za moyo, wenye upungufu wa kinga, na wajawazito.

Nchini Uholanzi, baada ya kiwango cha uzalishaji wa maziwa ya ng'ombe kuwekewa kikomo mwaka 1984, wafugaji wengi waligeukia mbuzi. Kufikia mwaka 2009 mbuzi wa maziwa nchini humo walizidi 200,000, wengi wakiwa katika mabanda makubwa kusini mwa nchi, jirani na vijiji vyenye watu wengi. Mwaka 2007 madaktari wa kijiji cha Herpen, mkoani Noord-Brabant, waliona nimonia zisizo za kawaida. Hadi mlipuko ulipopungua mwaka 2010, wagonjwa zaidi ya 4,000 walikuwa wameorodheshwa, na waliokufa kutokana na matatizo ya ugonjwa huo walihesabiwa baadaye kuwa wasiopungua 95. Uchunguzi kuhusu banda moja lililokuwa na maambukizo ulionyesha kwamba waliokaa ndani ya kilomita 2 walikuwa na hatari zaidi ya mara 30 kuliko waliokaa mbali zaidi ya kilomita 5.

Serikali ilianza kwa hatua ndogondogo: wafugaji watoe taarifa mbuzi wengi wanapotupa mimba, samadi idhibitiwe, chanjo itolewe. Hatimaye, kuanzia Desemba 2009, mbuzi wenye mimba katika mabanda yaliyoambukizwa walichinjwa; jumla yao ilizidi 50,000. Kwa wafugaji ilikuwa hasara na majonzi. Kwa wakazi ilikuwa hatua iliyochelewa, kwa kuwa kwa muda mrefu hawakuelezwa ni mabanda yapi yaliyokuwa na ugonjwa. Mwaka 2012 msimamizi wa taifa wa malalamiko ya wananchi alitoa taarifa iliyoilaumu serikali kwa kutowapa watu habari za kutosha mapema.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na mabanda ya mbuzi hupata nimonia zaidi kuliko wengine, hata baada ya homa ya Kyu kudhibitiwa kwa chanjo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 mkoa wa Noord-Brabant ulisimamisha ujenzi na upanuzi wa mabanda ya mbuzi, na mikoa mingine ikafuata. Pingamizi la wakazi, lililoanza kama lalamiko la harufu na hofu, likapata nafasi katika sera.

Je, jambo hili latuhusu?

Msomaji aweza kusema kwamba Uholanzi ni mbali. Basi na tuangalie Kaskazini mwa Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Walipopimwa kwa makini, waliokuwa na malaria kweli hawakufika hata asilimia 2. Miongoni mwa wasio na malaria waliochunguzwa zaidi, takriban asilimia 5 walikuwa na homa ya Kyu na asilimia 3.5 bruselosisi. Wengine walikuwa na magonjwa mengine ya wanyama, kama vile leptospirosisi. Karibu hakuna kati ya magonjwa hayo lililokuwa limetajwa na waganga wakati wa kuwalaza wagonjwa.

Maana yake ni nzito. Bakteria wa homa ya Kyu yumo katika ukanda wetu wa kaskazini, na vituo vyetu huenda vinampa dawa ya malaria mtu ambaye ugonjwa wake umetoka bandani. Uholanzi iligundua mlipuko wake kwa sababu ilikuwa na maabara na madaktari waliotilia shaka. Pale pasipo na vipimo, mlipuko waweza kupita ukiitwa "malaria sugu" au "taifodi", na banda lisituhumiwe kamwe. Hii ndiyo sababu ya kutochukulia swali la mama mjamzito kuwa wivu wa jirani.

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. Takwimu za Moshi hazikutokana na mabanda makubwa ya kisasa, bali na nchi ya wafugaji wadogo. Hivyo mtu hawezi kusimama mkutanoni na kudai kwamba mbuzi wadogo wa kienyeji ni salama na wa kisasa ndio sumu. Banda kubwa halikuzua ugonjwa. Huukusanya, huuzidisha na kuupuliza kwa majirani kwa wingi ambao mbuzi wawili hawawezi. Lakini banda kubwa lenye chanjo, sakafu safi na daktari wa mifugo laweza kuwa salama kuliko banda dogo ambalo mwenyewe hutupa kondo la nyuma kwa mbwa.

Namna ya kulipima pingamizi

Mkutano wa mtaa unaotaka kuamua kwa busara uulize maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Mbuzi ni wangapi, na wangapi watazaa katika mwezi mmoja?
2. Nyumba iliyo karibu, shule, zahanati na kisima viko umbali gani, na upepo wa kiangazi unavuma kuelekea wapi?
3. Mbuzi wametoka wapi, na wamepimwa bruselosisi kabla ya kuingizwa?
4. Kondo la nyuma na vitoto vilivyotupwa vitafukiwa au kuchomwa wapi, na nani?
5. Samadi itatunzwa wapi, kwa muda gani, na itasafirishwa ikiwa imefunikwa?
6. Mbuzi wakitupa mimba kwa wingi, nani ataarifiwa, na majirani watajuaje?
7. Wafanyakazi watapewa mavazi ya kazi, glavu na barakoa, na watapimwa afya?

Mradi usioweza kujibu maswali haya haujawa tayari, hata kama mwenye nao ni mtu mwema. Na pingamizi lisilotaka kusikia majibu haya si la kiafya. Lina jambo jingine ndani yake.

Sheria inamlinda nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka miradi yenye athari kubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, wananchi wakishirikishwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya uwezo wa kushughulikia kero zinazohatarisha afya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamkumbuka mbuzi mwenyewe, asisongamanishwe wala kuteswa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake.

Wananchi wa nchi hii wamewahi kuzitumia haki za namna hiyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na makazi yao, wakilalamikia moshi, harufu na nzi. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akihusisha uchafuzi huo na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Harufu, ambayo wengi huiona jambo dogo, ilifika mbele ya sheria kama suala la uhai.

Kwa kawaida hakuna haja ya kufika mahakamani. Lalamiko lianze kwa mwenyekiti wa mtaa, lifike kwa mtendaji wa kata, kisha kwa afisa afya na afisa mifugo wa halmashauri. Liwe kwa maandishi, likitaja tarehe, mahali na dalili za walioathirika. Lalamiko la mdomo hupotea njiani.

Wajibu wa kila mmoja

Mfugaji, awe na mbuzi wawili au mia mbili: mtenge mbuzi anayezaa, vaa glavu na funika pua na mdomo unapomzalisha, fukia kondo la nyuma kwa kina pasipofikiwa na mbwa, nyunyizia maji sakafu kavu kabla ya kufagia, rundika samadi mbali na nyumba na uifunike. Mbuzi wawili au zaidi wakitupa mimba kwa kufuatana, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Kumficha mbuzi aliyetupa mimba ni kumficha nyoka chini ya mkeka wa wageni.

Mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa moyo: wakae mbali na banda wakati wa kuzaa kwa mbuzi. Kazi hiyo apewe mwingine, na mume asisubiri kuombwa.

Jirani: chemsha maziwa, hata uliyopewa kwa heshima. Ukiwa na homa isiyopona, mwambie mganga kwamba unaishi karibu na mbuzi. Sentensi hiyo moja yaweza kubadili matibabu.

Mhudumu wa afya: kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, usiandike dawa ya malaria kwa mazoea. Uliza juu ya mifugo, maziwa mabichi na uzazi wa wanyama. Homa ya Kyu ya awali hutibika kwa doksisaiklini, ambayo ni dawa ya kawaida. Bruselosisi huhitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki nyingi. Mjamzito na mtoto wahitaji uamuzi wa daktari. Wagonjwa watatu wa homa isiyoeleweka kutoka mtaa mmoja ni habari ya kumpelekea afisa afya, na yeye azungumze na afisa mifugo. Aghalabu ofisi hizo mbili hutenganishwa na ukuta mmoja tu, ilhali bakteria haujui ukuta huo.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mtaa wako, mabaki ya uzazi wa mifugo hutupwa wapi? Nani huyagusa?
2. Je, sheria ndogo ya kuzuia mabanda makubwa karibu na makazi ingemgusa vipi mjane mwenye mbuzi watatu? Ingeandikwaje ili isimwonee?
3. Mfugaji anayetoa taarifa ya ugonjwa hupata hasara. Jamii ingemsaidiaje ili ukweli usimfilisi?

Hitimisho

Katika mfano wetu, mkutano wa mtaa waweza kuisha kwa njia tatu. Waweza kuisha kwa kelele, banda likajengwa usiku na chuki ikajengwa mchana. Waweza kuisha kwa kupiga marufuku kila mbuzi, na watoto wa maskini wakakosa maziwa. Au waweza kuisha kwa mradi kuambiwa uhame kwenda mahali penye nafasi, upunguze idadi, ujibu maswali saba, na urudi mbele ya wananchi wale wale.

Njia ya tatu ni ngumu kuliko zote kwa sababu inamtaka mpingaji ajifunze na mfugaji asikilize. Uholanzi iliifikia baada ya kuzika watu na kuchinja mbuzi kwa makumi ya maelfu. Sisi tunayo nafasi ya kuianza mapema, swali la mama mjamzito lingali halijajibiwa na banda lingali halijaezekwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, katika jambo hili, ni pale mwananchi anapouliza na mtaalamu akanyamaza.